Nani Amesema? Mitandao ya Kijamii, Umakini na Uaminifu Mjini Kindu

Wanaojadili mitandao ya kijamii katika vyuo vyetu huanza karibu kila mara kwa kuorodhesha. Faida zinapangwa upande mmoja: habari za haraka, masomo, biashara, jamaa walio mbali. Hasara zinapangwa upande wa pili: muda unaopotea, usingizi unaokatika, uvumi, matusi. Kisha msemaji anashauri kiasi, na kikao kinafungwa. Ushauri huo haumdhuru mtu, lakini pia haumwongozi, kwa sababu unachukulia kwamba madhara hukua kadiri saa zinavyoongezeka. Mama anayesikiliza ujumbe wa sauti wa wateja wake kutwa nzima huenda hajamkosea yeyote. Kijana aliyesambaza video moja kwa sekunde tatu, siku ambayo mji umechafuka, anaweza kuwa amechangia kifo cha mtu.

Dai langu ni kwamba, kwa mji kama Kindu, kipimo kinachofaa ni kama anayepokea habari anaweza kujua nani amesema, na akitaka, akamfikia na kumuuliza. Pale jibu linapokuwa ndiyo, simu inatufanyia kazi kubwa ambayo reli na barabara zimeshindwa kuifanya. Pale linapokuwa hapana, hata dakika moja ni nyingi. Suala la muda na umakini nalo lina uzito wake, na nitaonyesha kwamba hapa kwetu linaumiza kwa namna ambayo tafiti za nchi tajiri haziigusi.

Tuanze na mji wenyewe, maana hoja inatoka humo. Kindu umekaa ukingoni mwa mto Lualaba, na ndio makao makuu ya Maniema, jimbo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo lililotengwa na Kivu ya zamani mwaka 1988. Reli kati ya Kindu na Kongolo ilikamilika mwaka 1911. Kampuni ya Chemin de fer des Grands Lacs ilikuwa inaunganisha vipande vya reli na vipande vya mto ili kukwepa maporomoko: garimoshi hadi Kindu, meli hadi Ubundu, kisha garimoshi tena hadi Kisangani. Kwa miongo mingi mji ulikuwa mahali pa kushuka chombo kimoja na kupanda kingine, na habari zilisafiri pamoja na magunia. Leo garimoshi linapita kwa nadra, njia za kwenda Kasongo na Bukavu zinakatika mvua zikianza, na ndege ni ya mwenye uwezo. Hata kutoka Kasuku kwenda Alunguli, komini iliyo ng'ambo, mtu anashuka kwanza majini.

Oktoba 1998 mji ulianguka mikononi mwa waasi wa RCD, na kwa miaka iliyofuata ulikuwa kama kisiwa. Aliyetaka kujua kama ndugu yake wa Lubumbashi au wa Goma bado yuko hai alikwenda kwenye nyumba ya fonie, yaani redio ya mawasiliano. Mwenye mtambo aliita kituo cha upande wa pili, jamaa wakatafutwa, saa ikapangwa. Halafu mambo ya nyumbani, mahari, ugonjwa, msiba, deni, yakasemwa kwa sauti ya juu ndani ya chumba kilichojaa watu wanaongoja zamu, na kila aliyekuwa kwenye masafa yale aliyasikia. Watu waliikubali fedheha hiyo kwa sababu moja tu: walipoisikia sauti ya mama au ya kaka, walijua ni yeye. Faragha ilikwenda, uhakika ukabaki. Mwaka 2002 Radio Okapi ilipoanza kurusha matangazo yake, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha zake tano, mji ulipata uhakika wa aina nyingine, wa mtangazaji mwenye jina na wa kituo chenye mlango unaoweza kubishwa hodi. Nalitaja hili ili tuelewe watu walikuwa na njaa ya nini simu za mkononi zilipowafikia.

Njaa hiyo simu imeishibisha kwa kiasi kikubwa. Ukikaa kivukoni Alunguli asubuhi utamwona mama muuza mchele akiwa na simu ya kioo kilichopasuka. Haiweki sikioni kama mtu anayepiga. Anaigeuza, sehemu ya chini inaelekea sikio, anasikiliza ujumbe wa sauti kutoka kwa mnunuzi wake aliye huko mashamba yanakotoka magunia. Anarudia pale palipotajwa bei. Anarudia tena pale palipotajwa idadi ya magunia, kwa sababu mvumo wa injini ya mtumbwi ulimpotezea maneno. Kisha anaileta simu mdomoni na kujibu, kwa Kiswahili cha Maniema ambacho hakuna shule iliyomfundisha kukiandika, akianza na salamu za watoto na kumalizia na onyo kuhusu unyevu. Baadaye anakwenda kwenye kabini, kwa kijana aliyekaa chini ya mwavuli akiuza uniti na kuhudumia pesa za simu, na malipo yanakwenda kabla ya mzigo kuondoka. Hajaandika hata herufi moja, na hakuhitaji Kifaransa.

Wasomi tumelipuuza jambo hili. Intaneti ya maandishi nchini mwetu ni ya Kifaransa, na kwa hiyo ni ya wachache. Ujumbe wa sauti umewafungulia mlango watu ambao maandishi yaliwafungia nje, na umefanya hivyo kwa lugha yao ya kila siku. Mama yule akidanganywa, anajua pa kumpata aliyemdanganya: anaijua sauti yake, nyumba yake, na yaelekea anamjua mama yake mzazi. Huo ndio msingi wa biashara yao. Programu imeubeba tu.

Faida nyingine nitazipitia kwa haraka kwa kuwa zinajulikana. Jamaa waliotawanyika kati ya Kindu, Kisangani, Lubumbashi, Brussels na kwingineko wanachangia msiba kwa siku moja. Wananchi wanaweza kupaza sauti pamoja, na ushuru wa RAM, wa kusajili simu za mkononi, ni mfano mzuri. Mwaka 2020 serikali ilianza kukata malipo hayo moja kwa moja kwenye uniti za wenye simu. Kila mtu alikuwa na ushahidi mkononi mwake, salio lake mwenyewe, na malalamiko yaliyopita mitandaoni, redioni na bungeni hayakutulia hadi ushuru ukasimamishwa mwaka 2022.

Sasa kuhusu umakini. Utafiti unaonukuliwa sana katika fani hii ni wa Hunt Allcott, Luca Braghieri, Sarah Eichmeyer na Matthew Gentzkow, uliochapishwa mwaka 2020 katika American Economic Review. Waliwalipa Wamarekani wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa Novemba 2018. Waliofunga walipata takriban saa moja ya ziada kila siku, furaha yao iliongezeka kidogo, misimamo yao ya kisiasa ikapungua ukali. Lakini pia walijua machache kuhusu habari za nchi yao. Ni kazi nzuri, na mtu anaweza kushawishika kuyahamishia matokeo yake kwetu. Asifanye haraka. Nejla Asimovic na wenzake walifanya jaribio la namna hiyohiyo nchini Bosnia mwaka 2019, katika siku za kuwakumbuka waliouawa Srebrenica, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2021. Waliofunga Facebook huko walikuja kuwaona watu wa makabila mengine vibaya zaidi kuliko wale walioendelea kuitumia, hasa waliokuwa wakiishi katika maeneo ya kabila moja. Mtu aliyezungukwa na watu wa kwao tu, ukimwondolea mtandao, umemrudisha kwenye maongezi ya kwao tu. Kwa Maniema, jimbo la Walega, Wakusu, Wasongola, Wazimba, Wabangubangu na wengine wengi, somo la Bosnia lina maana zaidi kuliko la Marekani.

Kuna tofauti nyingine ambayo tafiti hizo hazikuwa na sababu ya kuipima. Kwetu, anayevurugwa umakini analipia kuvurugwa kwenyewe. Intaneti inanunuliwa kwa mega, kidogo kidogo, kwa pesa ambayo ingenunua mafuta ya taa au sabuni. Video fupi zinazojifungua zenyewe moja baada ya nyingine zilibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye kifurushi kisichoisha. Kwa mwanafunzi wa Kindu zinamaliza mega za juma kabla usiku haujaisha. Anapoteza saa na anapoteza faranga, na asubuhi, silabasi ya somo aliyotumiwa kwenye grupu la promosho, yaani la wanafunzi wa mwaka wake, haifunguki kwa kuwa hana tena cha kuifungulia. Hapo ndipo ushauri wa kuiweka simu kando unapokosa maana. Grupu ambalo sefu wa promosho anatangazia ratiba ya mtihani liko ndani ya simu ileile yenye video, na kuchaji kwenyewe ni kwa zamu. Ninawalaumu wanafunzi kidogo sana. Ninawalaumu zaidi wabunifu wanaoziacha video zijifungue bila kuombwa, na sisi walimu tulioihamishia kazi ya ubao wa matangazo kwenye simu bila kumuuliza mtu gharama ni ya nani.

Hata hivyo umakini unaopotea unaweza kupatikana tena. Mtu aliyeuawa harudi, na kwa sababu hiyo nauona uvumi kuwa ndio uzito mkubwa zaidi kwenye mizani hii. Tarehe 9 Novemba 2023 mjini Goma, ofisa wa jeshi la taifa, Mnyamulenge, alikamatwa na umati, akauawa na kuchomwa moto. Picha za tukio zikazunguka mitandaoni. Karibu mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, tarehe 18 Juni 2022, siku chache baada ya Bunagana kutekwa na waasi wa M23, Michelle Bachelet na Alice Wairimu Nderitu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wametoa onyo la pamoja kuhusu maneno ya chuki yaliyokuwa yakisambaa nchini dhidi ya wazungumzaji wa Kinyarwanda. Onyo lilikuwapo. Lililokosekana ni mtu katika kila kikundi cha simu wa kuuliza: habari hii umeipata kwa nani?

Wapo watakaosema chuki na kutoaminiana huku vilikuwapo kabla ya simu. Ni kweli, na ushahidi mzuri unatoka Beni na Butembo. Septemba 2018, katika miezi ya mwanzo ya mlipuko wa Ebola ambao hadi ulipotangazwa kwisha mwezi Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200, Patrick Vinck na wenzake waliwahoji watu wazima 961. Robo yao hawakuamini kwamba ugonjwa upo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 katika The Lancet Infectious Diseases yaliweka takwimu hiyo kando ya nyingine: chini ya theluthi moja, asilimia 31.9, ndio walioamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea maslahi yao. Asiyemwamini anayesema hawezi kuamini kinachosemwa, na anabaki wazi kwa sauti yoyote nyingine. Simu haikuuzaa uvumi wa Ebola. Ilichofanya ni kuupa mwendo, na kuutenga na waliouanzisha, kiasi kwamba hapakuwa na wa kurudi kwake kumhoji.

Kwenye jambo hili la kurudi kwa msemaji, Maniema ina urithi ambao sijauona ukitumiwa katika mijadala yetu. Kasongo na Nyangwe zilikuwa miji ya Waislamu tangu karne ya 19, kabla majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hayajaiteka Kasongo mwaka 1893, na madrasa za jimbo hili zimeendelea kufundisha elimu ya hadithi. Kanuni ya kwanza ya elimu hiyo ni isnadi. Habari haipokelewi kwa uzuri wa maneno yake. Inaulizwa imepita kwa nani hadi kufika hapa, kama kila mpokezi alikutana kweli na aliyemtangulia, na kama alijulikana kwa ukweli na kumbukumbu njema. Al-Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume aliyefariki mwaka 870, alizikataa riwaya nyingi mno ambazo watu wa zama zake walikuwa wakizisimulia. Mlolongo ukikatika mahali pamoja, habari inashushwa daraja, hata kama aliyekuletea ni mtu mwema. Mkristo wa Kindu hahitaji kusilimu ili kuiona hekima hii; ndiyo ileile hakimu anayoitumia anapokataa ushahidi wa kusikia.

Kipimo hiki kinajibu pingamizi ambalo huenda msomaji ameshaliandaa: kwamba uongo mwingi tunaletewa na watu tunaowajua vizuri, shangazi, shemeji, katekista, imamu. Ndivyo ilivyo, na ndiyo maana kumjua aliyekutumia hakutoshi. Shangazi ni mpokezi wa mwisho tu. Ujumbe unaosambazwa hufika umevuliwa majina yote yaliyoutangulia, na mapenzi yetu kwa shangazi yanaziba pengo ambalo tungepaswa kuliona. WhatsApp yenyewe imekiri tatizo kwa vitendo: mwaka 2018 iliweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, Januari 2019 ikaweka kikomo cha kuutuma kwa watu au vikundi 5 kwa mara moja, na Aprili 2020 ujumbe uliokwishapita mikono mingi ukawa unatumwa mahali pamoja tu kwa wakati. Hatua hizo zinapunguza mwendo. Hazimrudishii habari mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni la kisiasa, na nalichukua kwa uzito wote. Nikisema kila habari iwe na mwenyewe, si nitakuwa nimeipa serikali fimbo? Historia yetu inatosha kumtia mtu hofu. Intaneti ilikatwa Januari 2015 wakati wa maandamano ya kupinga sheria ya uchaguzi. Ilikatwa tena tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, pamoja na ujumbe mfupi wa simu, kwa siku takriban 20, wakati ambapo wananchi walihitaji kuliko wakati wowote kujua matokeo ya vituo vyao. Kanuni ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, katika kifungu cha 360, inamtisha kwa kifungo cha mwezi 1 hadi 6 yeyote anayeanzisha au kupitisha habari ya uongo dhidi ya mtu. Septemba mwaka huohuo mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa, waendesha mashtaka wakitaka kuonyesha kwamba waraka fulani ulianzia kwenye simu yake. Aliachiwa Machi 2024, baada ya miezi 6 jela.

Kwa hiyo lazima tutenganishe mambo mawili. Ninayoitetea ni haki ya msikilizaji kuuliza, na aliye karibu naye kumjibu, ndani ya kikundi cha watu wanaojuana. Sitetei daftari la majina mikononi mwa polisi. Mtoa habari anayehofia maisha yake ana njia yake ya haki: anampelekea mwandishi au taasisi inayomjua, nayo inatanguliza jina lake yenyewe mbele ya umma. Mlolongo haujakatika hapo, ila kiungo kimoja kimefunikwa na mtu anayeweza kuulizwa. Nao ukataji wa intaneti, mbali na kuwa uonevu, unafanya kinyume cha unachokusudia, maana unawazima wenye majina, redio, magazeti, waangalizi wa uchaguzi, na kuwaachia mji wanaonong'ona.

Kutokana na haya, kazi ya kwanza iko kwa wasimamizi wa vikundi, ambao kwa kawaida ni watu wenye heshima mtaani: mwalimu, mkuu wa chama cha akina mama, mzee wa parokia. Kanuni yao iwe moja. Anayeleta habari ya mauaji, ya ugonjwa au ya kabila aseme ameipata kwa nani, na kama huyo alikuwepo. Asipoweza, habari isubiri. Redio za mjini zinaweza kusaidia kwa kupokea ujumbe wa sauti kutoka vijijini na kumpigia mtumaji kabla ya kuurusha hewani, jambo ambalo gharama yake ni uniti chache. Ofisi za jimbo nazo ziseme mapema, kwa Kiswahili na kwa sauti ya mtu anayetajwa jina, barabara inapokatika au mtumbwi unapozama, kwa kuwa saa za ukimya ndizo zinazojazwa na wasiokuwepo.

Kwa Chuo Kikuu cha Kindu nina ombi mahususi. Jaribio la Marekani lilipima kinachotokea mtu akifunga akaunti. Sisi hatuwezi kumfungia simu mama wa Alunguli, wala haifai. Tunaweza kuchukua vikundi vya promosho, vya masoko na vya parokia na misikiti vilivyokubali kwa hiari, nusu vikaanza kutumia kanuni ya mlolongo na nusu vikaendelea kama kawaida, kisha tukafuatilia kwa muhula mmoja mambo matatu: habari ngapi zilizoletwa zilikuja kuthibitika, mega kiasi gani zilitumika, na wanachama wanaaminiana kwa kiwango gani mwishoni. Natarajia kanuni hiyo itapunguza pia muda unaopotea, kwa sababu kikundi ambacho mtu anawajibika kwa anacholeta huwa na machache ya kufungua. Natarajia pia kwamba vikundi vya masoko vitaizoea kanuni kwa wepesi kuliko vya wanafunzi, kwa kuwa vimeishi nayo muda mrefu bila kuiandika. Huenda nikakuta kinyume, na takwimu zitakazosema hivyo nitazichapisha kwa majina yetu wote tulioshiriki kuzikusanya.